Shajara ya mradi: riwaya ya wapagazi, kwa mahindi na asali ya Sikonge

Oktoba, mwishoni

Mradi ni huu: kumaliza riwaya yangu kuhusu wapagazi wa Unyamwezi, kuihariri, kuipiga chapa kwa fedha yangu mwenyewe na kuanza kuiuza kabla Nane Nane ijayo haijapita. Bila mkopo, bila mfadhili, na bila kuhama hapa. Nipo wilaya ya Sikonge, kusini mwa Tabora mjini, ndani kidogo kutoka barabara ya Ipole. Shamba ni la marehemu baba. Tunaishi watatu: shangazi, mimi, na binti wa kaka yangu anayesoma darasa la sita. Nilifundisha sekondari kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na jina la Mwalimu limenifuata hadi huku.

Waandishi wenzangu huniuliza naandikaje bila mshahara. Jibu langu lipo ghalani, ndiyo maana shajara hii itataja mahindi kama itakavyotaja sura za kitabu. Gunia nililolivuna sikulitafutia kibarua, na muda ambao kibarua kile kingeuchukua ndio ninaoutumia kuandika.

Kipimo nimekitoa kwenye riwaya yenyewe. Misafara ya karne ya 19 ilimhesabia mpagazi posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, karibu gramu 700. Ukizidisha kwa mwaka mzima unapata kilo 250 na ushee, yaani magunia mawili na nusu kwa mtu mmoja. Sisi watatu tunahitaji magunia saba na nusu kwa mwaka kama tungekula mahindi peke yake. Leo nimehesabu na shangazi: mahindi yamebaki magunia manne, makopa ya muhogo yanajaza pipa, michembe ya viazi vitamu vikavu ipo kwenye kilindo cha bibi, chombo cha gome la mti cha kuwekea chakula, karanga debe mbili. Mahindi yanatufikisha mwisho wa Aprili. Makopa na michembe yanaongezea hadi mavuno. Kwa hiyo ninayo masika yote ya kuandika, na hakuna mtu atakayeniomba nihesabu muda wangu kwa saa.

Hali ya muswada: sura tisa za rasimu ya kwanza zimekamilika, kati ya kumi na sita nilizopanga.

Novemba

Mvua imenyesha ya kulowesha matuta hadi ndani. Tumepanda mahindi ekari moja pale palipokuwa na karanga mwaka jana, kwa sababu karanga huiachia ardhi naitrojeni na mahindi yanaipenda. Karanga zimehamia nusu ekari ya juu. Robo ekari nimeweka vipando vipya vya muhogo, nikichagua mashina yasiyo na batobato wala michirizi kahawia, jicho la shangazi likiwa mbele yangu maana yeye huliona jani lenye ugonjwa akiwa mbali. Plau ya ng'ombe nimeilipa kwa asali ya mwaka jana. Mwenye ng'ombe ndiye aliyetaka hivyo.

Ratiba ya masika: alfajiri hadi saa nne shamba, kisha uji, kisha meza. Naandika kwa kalamu, kwenye madaftari makubwa ya kaunta ya kwaya tatu. Sababu ni umeme. Paneli yangu ni ya wati 100 na betri ni ya asidi, volti 12, ampea-saa 100. Kiangazi, jua likiwaka vizuri kwa saa tano, napata wati-saa 500 kwenye karatasi, na baada ya upotevu wa njiani hubaki kama 350. Kompyuta mpakato hula wati 35 hivi, kwa hiyo kazi ya siku nzima inawezekana, na taa na simu hupata fungu lao. Lakini siku za mawingu mazito mapato hayo hushuka chini ya nusu, na betri ya asidi ukizoea kuishusha chini ya nusu ya ujazo wake unaiua. Betri mpya ni bei ya nakala nyingi za kitabu. Hivyo kuchapa ni kazi ya kuanzia Machi, masika ni ya wino. Tena rasimu ya mkono inanifaa: nikifika mwisho wa ukurasa siwezi kurudi juu kukarabati sentensi ya kwanza mara kumi. Hadithi inasonga.

Maji: paa la nyumba lina mita za mraba 40. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na huku kwetu mvua ya mwaka hukaribia milimita 900, kwa hiyo paa hili hupokea zaidi ya lita 30,000 na mimi nina tangi la lita 5,000 tu. Tangi la pili lipo kwenye orodha, nyuma ya kitabu. Shangazi hakubaliani na mpangilio huo, na ameshasema.

Desemba

Palizi. Viwavijeshi vamizi wameonekana kwenye mahindi machanga. Shangazi na mtoto wamepita mstari kwa mstari wakidondosha majivu ndani ya koo la kila mche ulioliwa. Kalamu imepumzika. Sura ya kumi imefika nusu.

Januari

Mwezi wa utafiti. Nilipanda basi la Tabora na kwenda Kwihara, kwenye lile tembe alikokaa Livingstone hadi Agosti 1872 alipoondoka kuelekea kusini. Jengo la sasa limejengwa upya, lakini mpango wake ni wa tembe: kuta nene za udongo, baraza mbele, ua katikati. Sikwenda kwa ajili ya Livingstone. Nilitaka kujua mpagazi aliyefika pale na mzigo begani alisimama wapi, kivuli cha saa nane kiliangukia upande gani, na kutoka barazani anaonekanaje mtu aliyesimama uani. Vitabu vingi vimeandikwa na watu waliokaa barazani. Riwaya yangu inasimama uani.

Mambo mawili yalikuwa yakinisumbua, mzigo na majira. Mzigo nimeupata: kiwango cha kawaida kilikuwa frasila mbili, kilo 32 hivi, za vitambaa vya kaniki au merikani, au shanga, wakati wa kuja, na pembe za ndovu wakati wa kwenda pwani. Juu ya hapo mtu alibeba mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Nilifunga gunia la kilo 32 na kulibeba kutoka kisimani hadi barabarani ili nijue shingo inauma saa ngapi, na sura ya saba sasa inaanzia shingoni.

Majira nimepewa na Babu, jirani yetu, mrina asali wa zamani ambaye babu yake alikwenda Bagamoyo na kurudi. Nilimkuta anasuka kamba ya gome.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mwalimu. Kitabu kimefika wapi?"

"Kimefika Tura, Babu. Kesho kinaingia Mgunda Mkali."

"Mwezi gani?"

Mgunda Mkali ni lile pori kavu la kuvuka baada ya Tura, kuelekea Ugogo. Nikamwambia mwezi wa saba. Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Mtu alivuna kwanza. Akamjazia mkewe kilindo, akaona kimejaa, ndipo akaenda. Aliyeondoka bila kujaza alikuwa anatoroka, huyo hakuwa mpagazi."

Niliandika maneno hayo papo hapo. Yanakubaliana na kumbukumbu za wakati ule, kwamba Wanyamwezi wengi walishuka pwani kiangazi na kutaka kurudi kabla ya msimu wa kulima. Upagazi wao ulikuwa kazi ya mkulima mwenye akiba. Tajiri wa msafara aliyewahitaji msimu wa kulima aliwangoja au akalipa zaidi. Mhusika wangu mkuu, mke wa mpagazi, ndiye anayebaki na jembe, na sasa najua kwamba riwaya nzima inasimama juu ya kile kilindo. Asipolima, hakuna msafara.

Njia ya reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ndefu za mabega za biashara zikafifia. Nitaishia kabla ya hapo, kwenye kifo cha Isike, mtemi wa Unyanyembe, Januari 1893. Kifo cha mtemi Mirambo, 1884, kinapita katikati ya kitabu kama habari inayofika kijijini ikiwa imechelewa, maana ndivyo ilivyowafikia wengi.

Februari

Mvua imekata kwa muda. Mahindi yaliyowahi yameshaanza kuchomwa na mahindi yaliyochelewa yanasinyaa mchana na kunyanyuka usiku. Muba umeanza kutoa maua msituni, na mizinga inanguruma.

Huu ndio mwezi ambao maghala ya majirani wengi huwa matupu. Wanaolima tumbaku wako kwenye mabani wanakausha majani usiku na mchana, fedha yao haijafika, na pembejeo walizokopa bado zinawadai. Siwalaumu hata kidogo. Tumbaku ndiyo imesomesha nusu ya watu wa rika langu hapa, nami nikiwemo. Ila sikuipanda kwa sababu ingechukua miezi yangu yote ya kuandika, na kuni zake zinatoka kwenye msitu uleule wanakokula nyuki wangu.

Nimezikopesha nyumba tatu mahindi debe sita. Hesabu ya Oktoba imebadilika: badala ya mwisho wa Aprili tunaishia mwishoni mwa Machi, kisha makopa. Nilikaa na shangazi tukaipitia. Alisema jambo moja tu, kwamba mwaka ule baba alipougua walioleta mahindi hapa ndio hao hao. Nyumba mbili zitarudisha kwa mahindi baada ya mavuno. Ya tatu ina kijana fundi seremala, na imesema italipa kwa kazi. Nimemwomba atengeneze mizinga.

Baba alikuwa mwalimu wa msingi enzi za Elimu ya Kujitegemea, baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule zilipokuwa na mashamba. Shamba la shule yake lililimwa na kijiji kizima, nami nilikua nikiona neno kujitegemea likitekelezwa na watu wengi kwa pamoja. Naliweka hilo hapa kwa wanaodhani nimejitenga.

Sura ya kumi na nne imekamilika.

Machi

Rasimu ya mkono imeisha! Madaftari manne. Mwisho niliuandika mchana kweupe mtoto akiwa shuleni na shangazi kwa jirani, nikatoka nje nikatembea hadi mwisho wa shamba na kurudi.

Kuchapa kumeanza. Jua linatosha kuanzia saa tatu.

Aprili

Kila jioni ya Jumamosi nasoma sura moja kwa sauti barazani kwetu. Wanakuja watu kumi, kumi na watano, wengine na kazi zao za mikono. Kwa mwandishi asiye na kampuni ya kumlipia wahariri watatu, sijaona kipimo bora kuliko hiki. Sentensi ndefu inajulisha yenyewe: pumzi inaniishia na macho ya watu yanahama. Mazungumzo ya uongo yanajulikana upesi zaidi. Mama mmoja alinikatiza kwenye sura ya tano: "Mwalimu, huyu mkamwana hawezi kumjibu mama mkwe hivyo mbele ya wageni. Atanyamaza, kisha atapika ugali mlaini." Ugali mlaini umeingia kitabuni, na ukurasa mzima wa majibizano umetoka.

Binti yetu ndiye mwenye kalamu nyekundu. Anaweka alama pale watu wanapocheka na pale wanapoguna.

Baada ya baraza, muswada umekwenda kwa mhariri wa lugha, mwalimu mwenzangu wa zamani aliyepo mjini. Tumepatana shilingi 200,000, nusu fedha na nusu asali. Mafaili natuma kutoka barabarani, mtandao ukiwa na nguvu.

Nimeomba pia ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa wanaoanza: namba ina tarakimu 13, za Tanzania huwa na 9976, 9987 au 9912 baada ya 978, na kila umbo la kitabu lina namba yake. Kitabu cha karatasi na kitabu cha kusoma kwenye simu ni namba mbili. Kuhusu hakimiliki, sheria yetu ya 1999 inakulinda tangu unapoandika, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya kifo chako. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ni kwa ajili ya ushahidi siku mtu akikunyang'anya. Nimesajili, kwa sababu mwandishi anayejichapia hana mwanasheria nyuma yake.

Mei

Mavuno. Magunia tisa ya mahindi, na madeni ya Februari yakirudi yatakuwa tisa na debe kadhaa. Karanga magunia matatu yenye maganda. Kwa kipimo cha kibaba tumevuka mwaka tukiwa na ziada, na hilo linamaanisha kitabu cha pili kina nafasi yake.

Lakini mkoa huu una adui wa ghala ambaye kila mkulima anamjua kwa jina la Scania. Ni dumuzi, mdudu mdogo wa kahawia aliyetoka Amerika ya Kati na ambaye kwa Afrika aligunduliwa kwanza hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazee wanakumbuka walivyofungua vihenge wakakuta unga. Anatoboa mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, na makopa ya muhogo anayapenda vilevile, kwa hiyo hata akiba ya akiba haipo salama. Njia yetu: tunakausha hadi punje inalia kwenye jino na chumvi ikitikiswa nayo ndani ya chupa kavu haigandi ukutani. Tunapukuchua mapema, maana Scania hupata shida zaidi kwenye punje zilizopukuchuliwa kuliko kwenye gunzi. Kisha tunatia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya plastiki tabaka mbili ndani ya kiroba, tunaminya hewa yote na kufunga kila tabaka peke yake. Mdudu aliyebaki ndani hukosa hewa akafa. Hakuna dawa, na mfuko haufunguliwi hadi zamu yake ifike.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu gunia moja likiliwa na Scania, natakiwa kununua jingine kwa bei ya Februari, na fedha hiyo inatoka kwenye uchapaji.

Muswada umerudi kutoka kwa mhariri. Alama nyingi, nyingi za haki.

Juni

Kurina asali. Mizinga yangu ni masanduku ya mbao za paini, kumi na minane, na kumi na miwili ilikuwa na nyuki. Imetundikwa kwa waya kwenye mitundu na mininga, usawa wa kifua, ili nyegere asiifikie vizuri na mimi niifikie bila kupanda mti. Waya zimepakwa grisi kwa ajili ya siafu. Kila mzinga una viunzi juu, ambavyo nyuki hutundika masega yao, vyenye upana wa milimita 32, kipimo kinachoendana na sega la nyuki wetu wa Afrika. Kikipungua au kuzidi, wanajenga masega ya kukatisha na huwezi kutoa moja bila kuvunja matatu. Babu alinifundisha kurina, lakini yeye ni wa mizinga ya magome. Mwenyewe anasema miti aliyobandua ili kupata mizinga hiyo yote ilikufa, na sasa ndiye mtetezi mkubwa wa masanduku kijijini.

Tunarina jioni, jua likishazama. Bomba la moshi, moshi wa polepole, kinyesi cha ng'ombe kikavu ndani yake. Natoa masega yaliyofunikwa tu. Sega ambalo nyuki hawajalifunika lina maji mengi bado, ukilichanganya asali nzima inachachuka. Masega ya pembeni nawaachia, na yenye watoto siyagusi. Nyumbani tunachuja kwa kitambaa, bila moto, usiku kucha, madirisha yamefungwa. Ndoo ya lita 20 inabeba kilo 28 za asali, na anayeuza kwa lita bila kujua hilo anampa mnunuzi zawadi.

Jumla: kilo 130 hivi. Kilo 15 za nyumbani na za wanaostahili, Babu wa kwanza. Kilo 80 zimenunuliwa na mwenye duka mjini kwa 8,000 kila kilo, shilingi 640,000. Kilo 35 nimezitia kwenye chupa kwa ajili ya Nane Nane. Nta imeyeyushwa, imechujwa na kugandishwa. Itapaka viunzi vya mizinga mipya.

Pamoja na akiba ya karanga na asali ya mwaka jana, shilingi 750,000, kasha la uchapaji lina 1,390,000.

Julai

Kitabu cha sala cha bibi yangu kilipigwa chapa Kipalapala, nje kidogo ya Tabora mjini, kwenye kiwanda cha mapadre kilichojulikana kwa herufi T.M.P. Vitabu vingi vya Kiswahili vilitoka pale na kwenda nchi nzima. Nikiwa mtoto nilidhani vitabu vyote vya dunia vinatoka Tabora. Nakumbuka hilo kila ninapoulizwa kwa nini mwandishi akae mkoani.

Sasa hesabu za chapa. Muswada baada ya kuhaririwa una maneno 64,000. Ukubwa ni A5, herufi za kumwezesha shangazi kusoma bila kunyoosha mkono, na ukurasa unabeba wastani wa maneno 320. Hizo ni kurasa 200. Nikaongeza kurasa 8 za mbele zikawa 208, ambazo, kwa kuwa karatasi kubwa hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, zinagawanyika kwa 16 mara 13 bila kubakiza kurasa tupu. Ukipanga kitabu bila kuangalia kigawanyo hicho unaweza kulipia karatasi nyeupe mwishoni.

Wachapaji wawili wa Dar es Salaam na mmoja wa Mwanza walinipa bei. Kwa nakala 500 bei ya kila moja ilishuka hadi 4,300, jumla 2,150,000. Kwa nakala 200 ni 5,600, jumla 1,120,000. Watu wawili ninaowaheshimu walinishauri nichukue 500 na kukopa tofauti. Nimechukua 200. Zile 500 ni rahisi kwa nakala zikiuzwa zote. Zikikaa chini ya kitanda, mchwa wa Sikonge hawajali bei ya jumla. Na deni lingenitaka nilipe kila mwezi, wakati fedha yangu huja na msimu. Chapa ndogo, iuzwe, irudiwe.

Chapa 1,120,000. Mhariri 200,000, sehemu ya asali nikiihesabu kwa bei yake. Usafirishaji kwa basi 40,000. Kasha limebaki na 30,000.

Jalada amelichora kijana wa hapa Tabora: kilindo kimesimama mlangoni, njia inapita nyuma yake. Hakuna pembe ya ndovu hata moja juu ya jalada, na nililisisitiza.

Agosti

Vitabu vilifika kwa basi, maboksi manne, makavu. Nilikagua kila boksi pale pale stendi, nikivuta kurasa za katikati kuona kama gundi imeshika. Imeshika.

Bei ni 12,000. Duka la vitabu likichukua asilimia 35, mimi napata 7,800, na baada ya gharama ya chapa inabaki 2,200. Nikiuza mwenyewe inabaki 6,400. Kwa hiyo maduka nimeyapa nakala 30 tu, mali kauli, kwa maandishi na tarehe ya kuhesabiana. Zilizobaki nauza kwa mkono.

Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, Tabora mjini, nilikuwa na meza moja yenye asali upande huu na vitabu upande ule. Watu walikuja kwa asali. Mzee mmoja alisimama akasoma ukurasa wa kwanza wote, chupa ya asali mkononi, akairudisha chupa na kununua kitabu. Mwanafunzi wa Kaliua alinunua kimoja kwa fedha ya simu, kesho yake akarudi na wenzake. Walimu wawili wa historia walichukua vitano vitano kwa maktaba za shule zao. Zaidi ya nakala 60 ziliondoka pale, na chupa zote za asali.

Kijijini tulifanya baraza la mwisho. Nilimkabidhi Babu nakala yake mikononi. Hasomi vizuri siku hizi kwa sababu ya macho, kwa hiyo binti yetu alimsomea sura ya Mgunda Mkali. Aliposikia lile neno lake la kilindo akasema, "Hapo umesema kweli," kisha akataka aendelee.

Utaratibu wa fedha nimeuandika nyuma ya mlango: katika kila nakala inayouzwa, 5,600 zinarudi kashani kwanza, hata kama nyumbani kuna shida. Kashani kukifika 560,000 naagiza nakala nyingine. Nikihesabu zilizouzwa hadi leo, hilo litakuwa Oktoba au Novemba. Kinachobaki juu ya hapo ndicho ujira wangu, na ujira wa kwanza unakwenda kwenye tangi la pili la maji. Shangazi ameshapima mahali pa kuliweka.

Kazi za Septemba: fundi ameleta mizinga sita ya deni la Februari, imenyooka vizuri. Ipakwe nta na itundikwe kabla mtundu haujachanua. Vipando vya muhogo vikatwe. Faili la kitabu cha simu lipelekwe likiwa na namba yake. Kitabu cha pili, cha mwanamke aliyefuatana na msafara hadi pwani, nitaanza kukiandika mvua zikianza. Madaftari matatu ya kaunta nimeshanunua.